Waraka Uliokwama kwa Mama Pacha

Waandishi watatu wa waraka wa kiwango kipya cha mtandao, yaani kanuni za kufuatwa na kompyuta, walibakiwa na kazi moja tu: kila mmoja atume barua pepe yenye neno "Nakubali", waraka uchapishwe. Wawili walishatuma. Wa tatu, mhandisi aitwaye Mama Pacha, alikuwa sebuleni anapigana na mkato mmoja, alama ya koma, ndani ya waraka huo.

"Jana si uliufuta huo?" aliuliza mama mkwe wake, akimsogezea chai.

"Niliufuta, mama. Leo nimeurudisha. Nausikilizia."

"Mkato nao una sauti?"

Simu ikaita. Alikuwa mwandishi mwenzake, bwana mmoja wanayemwita Mpole.

"Dada, mchapishaji ameuliza tena. Tusipojibu leo, waraka unarudi mwisho wa foleni, nyuma ya wenzetu wote. Nimemwambia ninayechelewesha ni mimi."

"Mbona unajipaka matope yangu?"

"Miaka yote umetubeba wewe. Na mimi nibebe hata wiki. Kunywa chai kwanza."

Alipokata simu, mama mkwe alivuta kiti. "Hebu nieleze, mwanangu. Huo waraka unasemaje?"

Mama Pacha akachangamka. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo nyumbani.

"Kila tovuti ina cheti cha kukuhakikishia kwamba hujaingia kwa tapeli. Cheti kina muda wake, kikiisha lazima kipya kiombwe. Mpaka leo kwingi anangojwa mtu akiombe kwa mkono. Sasa mtu huyo akisahau, au akijiona ana shughuli kubwa kuliko wenzake, wageni wote wanakwama mlangoni. Sisi tumesema basi. Kompyuta ziombe zenyewe, binadamu asi..."

Akaitazama simu aliyotoka kuikata. Mama mkwe alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani, bila kumtazama, ili Mama Pacha asione haya.

"Asingojwe," Mama Pacha alimalizia. "Nyani haoni kundule, mama. Ningekuwa cheti, wageni wangeshaanza kunikimbia tangu wiki iliyopita."

"Kunywa, inapoa."

Aliuacha mkato ulivyokuwa, hata hakuangalia kama upo au haupo. Akaandika "Nakubali". Kisha, chini yake, akaongeza kwa mchapishaji: "Aliyechelewesha ni mimi. Mwenzangu alinisitiri tu."

Sentensi hizo mbili hakuzirudia kuzisoma. Akabonyeza, zikaenda.