Mkebe Uliozunguka Ulaya

Kabla sijaondoka Sydney nilimwambia kila mtu kwamba naenda Ulaya. Nilimwambia msimamizi wangu pale ghalani Port Botany, nikamwambia kinyozi wa Merrylands, nikamwambia hata yule mama wa ghorofa ya chini hapa Guildford ambaye hajanisalimia vizuri tangu nimwagie maua yake maji ya sabuni. Kanisani nilisimama kuomba maombi ya safari, nikataja miji yote minne polepole, Paris, Brussels, Amsterdam, Roma, ili hata waliosinzia wasikie. Mimi Kamande, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa Githunguri! Wacha watu wajue.

Basi wakajua. Na ukitangaza safari mbele ya Wakenya na Wakongo, ujue umejifanya posta. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa na viatu vya mtu wa Leeds, dawa ya nywele ya mtu wa Lyon, na Wilkister, nesi mwenye mdomo mrefu kuliko wote pale kanisani, alitaka nimpelekee binamu yake fulana huko Norway. "Si ni hapo hapo Ulaya?" akaniuliza. Rafiki yangu Destin, tuliyepanga naye safari, alikuwa amenyamaza kimya tangu siku ya kukata tiketi. Yeye alibeba begi moja dogo la mgongoni.

"Weye unasemaka sana, Kamande," alinicheka. "Ona sasa."

Mizigo mingine niliikwepa kwa uongo mdogo mdogo. Mmoja sikuweza kuukwepa. Mama Léocadie, Mkongo wa kanisani kwetu, aliniita kwake Merrylands, akanikalisha, akanipa chai, kisha akaleta mkebe wa biskuti wa bati, ule wa mviringo, umefungwa ndani ya kitambaa cha bluu. Ndani mlikuwa na karanga alizokaanga mwenyewe kwa chumvi, jinsi mama yake alivyokuwa akikaanga na kuuza Bukavu. Alitaka nimpelekee mdogo wake, Bibiane, anayeishi Brussels.

Habari ya hao dada wawili sote tuliijua. Mama yao alipofariki, Léocadie alikuwa bado hana karatasi za kumruhusu kusafiri. Bibiane alikwenda kuzika, akarudi Brussels na kitenge cha marehemu. Léocadie akaomba angalau kipande. Bibiane akamjibu kwamba aliyekosa mazishi hana la kudai, na Léocadie naye akasema maneno ambayo hata kutuambia alikataa. Ilikuwa miaka sita sasa, na simu zake zilikuwa zinalia kule mpaka zinakatika.

"Mpe mkononi," aliniambia. "Halafu umwangalie uso. Miye siombe anipende, mwanangu. Naomba tu apokee. Akikataa, uniambie vilevile, nijue nimebaki peke yangu."

Nikaapa. Niliweka hadi mkono kifuani.

Tuliondoka mwezi wa Saba, Sydney ikiwa na baridi ya kutetemesha meno, nami nikiwa na koti zito, skafu na soksi mbili mbili. Hakuna kitu kichwani mwangu kilichonikumbusha kwamba huko mwezi wa Saba ni joto. Paris nilitembea na koti mkononi kama mhudumu wa hoteli aliyepoteza mgeni wake. Kuhusu mnara wenyewe wa Eiffel nisikudanganye, niliuona kwenye kioo cha simu tu. Nilikuwa nimeupa mgongo muda wote nikitafuta pembe nzuri ya uso wangu. Nilipiga selfi sitini na mbili. Destin alinunua mkate, akaketi kwenye nyasi, akautazama mnara saa nzima bila kutoa simu mfukoni. Nilimwonea huruma, nikidhani anapoteza nafasi.

Brussels tukafika kwa Mama Bibiane. Alikuwa mwembamba, mfupi, ana macho yale yale ya dada yake. Alituandalia sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, pamoja na wali na samaki, akatuamuru kula hadi nikafungua kifungo cha suruali chini ya meza. Kisha nikamkabidhi mkebe kwa mikono miwili, nikasema umetoka kwa Mama Léocadie.

Mama wa watu akabadilika. Akauweka mkebe mezani, akarudia kuutazama, asiuguse.

"Léocadie anajua nakaa wapi," alisema. "Mbona hakukuja mwenyewe?"

Nilianza kueleza habari za nauli na umbali wa Australia. Destin akanikanyaga mguu, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipopaswa kumwangalia uso, kama nilivyoapa. Mimi nikaangalia samaki.

Tulilala hapo siku mbili, tukizunguka mji. Nilimburuta Destin kwenda kuona ile sanamu yao maarufu ya mtoto anayekojoa, nikapenya umati wa watu kwa viwiko, kumbe kenyewe ni kadogo kama debe la maji. Nikapiga selfi kumi na nane. Asubuhi ya kuondoka niliona dirisha la Mama Bibiane lina mwanga mzuri, nikalielekea, nikajinyoosha kola nikapiga nyingine. Nilipoitazama nikakasirika, maana yule mama alikuwa ameingia nyuma yangu, ameketi mezani, ameniharibia picha. Nilijiangalia meno, nikaona yametokea safi, nikaiacha.

Saa ya kuaga akanipa mkebe, umefungwa vilevile kwa kile kitambaa cha bluu.

"Mrudishie mkebe wake," akasema. "Umpe mwenyewe, mkononi."

Niliupima kwa mkono nikaona bado una uzito. Nikajua basi, amekataa. Kwenye ngazi nilimwambia Destin.

"Ufungue, uone," akasema.

"Mzigo wa mtu haufunguliwi!" nikamjibu kwa ukali, mimi mtu wa maadili.

Amsterdam na Roma sina mengi ya kusema, kwa sababu kila nilipopanga begi mkebe ulinitazama. Kutoka Roma, Destin alishika njia yake, akaenda Lille kukaa na dada yake mwezi mzima, nami nikapanda ndege peke yangu. Uwanja wa ndege wa Sydney afisa aliniuliza mna nini ndani ya mkebe. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni karanga za kukaanga. Akatazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, akanipungia mkono nipite.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Nilipanga kumpelekea Mama Léocadie siku hiyo hiyo. Nikafika hadi kituo cha treni cha Merrylands, nikafikiria uso wake akiuona mkebe umerudi, miguu ikagoma. Nikapanda treni ya kurudi. Jioni akanipigia.

"Mwanangu, alipokea?"

Na mdomo wangu, ule uliotaja miji minne kanisani, ukajibu: "Mama, hatukumkuta nyumbani."

 Kisha akasema, "Sawa. Aksanti kwa kujaribu." Mkebe nikausukuma chini ya kitanda, nikauziba na viatu vya mtu wa Leeds, ambavyo navyo sikuvifikisha. Nilijiambia namlinda yule mama na maumivu. Uongo mtupu! Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona haya, ndiyo hivyo tu. Jumapili tatu sikutia mguu kanisani, mara nina kazi ya darasa, mara nina shifti, mara mafua.

Jumapili ya nne waliniita kwa nguvu. Wilkister alipiga simu: watu wanataka kuona picha za Ulaya baada ya ibada, nyumbani kwa Mama Léocadie, kwa sababu ana televisheni kubwa. "Ama hukufika?" akauliza. "Ama ulikuwa umejificha Guildford wakati wote?" Hilo lilinichoma. Kuitwa mwoga naweza kuvumilia, lakini kuambiwa sikufika Paris? Jumamosi nilizipitia picha zote mia nne na kumi na mbili. Nilifuta zote ambazo kidevu changu hakikupendeza. Ile ya dirishani ilipita mtihani bila shida.

Watu walijaa sebuleni, chapati kwa madondo, yale maharagwe yetu, upande mmoja, sombe upande wa pili. Nikaunganisha simu na televisheni, nikasimama mbele kama mhadhiri. Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Destin, ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, begi lake dogo bado mgongoni. Nilijaribu kumkonyeza. Akadhani namkaribisha. Akanikumbatia, akachukua simu kutoka mkononi mwangu, akasema anisaidie kupitisha picha ili mimi nieleze vizuri.

Nikaeleza nini? Mnara, na mimi. Mfereji, na mimi. Magofu ya Roma, na koti langu. Wilkister akauliza kama huko Ulaya kuna kitu kingine zaidi ya Kamande, watu wakacheka hadi machozi. Nami nikacheka, jasho likinitiririka mgongoni, nikimwomba Mungu Destin aharakishe.

"Ah!" Destin akasema kwa furaha. "Na hapa ni kwa Mama Bibiane. Alitupikiaka sombe, jameni, kama ya nyumbani!"

Televisheni nzima ikawa meno yangu. Na kando ya sikio langu, wazi kabisa, alikuwa Bibiane.

Mama Léocadie alikuwa anapita na sahani. Akaiweka chini, pale sakafuni. Akasogea hadi kwenye kioo, karibu kabisa, akagusa pale uso wa mdogo wake ulipokuwa.

"Amezeeka," akasema. Halafu akanigeukia. "Kamande. Si ulisema hamkumkuta?"

 Destin alinitazama, akaelewa, akainamisha kichwa kwa aibu yangu. Nilifungua mdomo na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe haukutoka neno la kujisifu.

"Tulimkuta, Mama," nikasema. "Aliurudisha mkebe wako. Niliogopa kukwambia. Uko kwangu, chini ya kitanda."

Nilingoja anitukane. Hata kofi ningelishukuru. Lakini alikuwa ameshanigeuzia mgongo, anatazama tena ile picha.

"Destin, kuza hapa," akasema. Destin akakuza. Meno yangu yakatoka nje ya kioo, akabaki Bibiane na meza yake. Mkebe ulikuwa mbele yake, kifuniko pembeni. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkebe na mwingine mdomoni.

"Anakula," alisema Mama Léocadie. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Anakula karanga zangu."

Mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka pale sikuona. Nilikuwa najiangalia meno.

Wilkister alinipeleka Guildford kwa gari lake, na njia nzima hakusema hata neno moja, ndipo nikajua mambo yameharibika kabisa. Njiani kila kitu kilianza kunijia. Mama yangu kule Githunguri hajawahi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Akiletewa maziwa, bakuli litarudi na mayai, na kama hana mayai litarudi na ndizi, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kulirudisha. Maelfu ya mara! Yule mama aliniambia nirudishe mkebe wake, akaupa uzito, na mimi nikaurudisha chini ya kitanda.

Tuliporudi Mama Léocadie aliufungua mbele yetu wote. Fundo halikuwa lake, alilijua mara moja. Karanga hazikuwamo hata moja. Ndani mlikuwa na kitenge kilichokunjwa, cha manjano, kimechakaa, ukingo mmoja umekatwa kwa mkasi na kushonwa upya kwa mkono. Juu yake karatasi yenye namba ya simu na maneno machache. Alijaribu kuyasoma akashindwa, akampa Destin.

"Yaya," Destin akasoma, na kwao yaya ni dada mkubwa, "nimekikata katikati. Hiki ni chako. Namba yangu ni hii mpya. Nipigie ukifungua. Ninangoja."

Ninangoja! Nilipiga hesabu ya wiki nikataka ardhi inimeze. Yule mama alikuwa amekaa na simu yake mwezi mzima, akiamini safari hii dada yake ndiye aliyemkataa.

Mama Léocadie akapiga hapo hapo, kitenge mapajani. Ililia mara moja tu.

"Yaya?" sauti ikasema, na sote tukaisikia. "Mwezi mzima, yaya. Nikajua hutaki."

Mama Léocadie akanitazama. Nilikuwa nimesimama karibu na televisheni, tayari kutajwa kwa jina, na ningestahili.

"Kosa ni langu, mdogo wangu," akasema. "Nilichelewa kukifungua. Nisamehe."

Nililia pale pale, kwa sauti, mbele ya Wilkister, na hilo hatanisahaulisha mpaka nife. Mama Léocadie akanionyesha kwa kidole kiti, kisha sahani, kwamba niketi nile. Yeye akaingia chumbani na simu, akafunga mlango.

Ile picha ameichapisha, imetundikwa sebuleni kwake Merrylands, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu. Ni Bibiane na mkebe wake. Mimi nimekatwa. Limebaki sikio langu moja, upande wa kushoto, na wageni wakiuliza la nani, Mama Léocadie husema ni la kijana aliyewapelekea mzigo.