Aliyempokea Mihret Majini

Kazi aliyotupa Mwalimu Tsion katika darasa la jioni la elimu ya jamii ilionekana nyepesi: kila mtu achore ukoo wake, kisha aeleze jinsi dini inavyowaunganisha watu wa ukoo huo. Mimi, mkubwa kuliko wote darasani, nilianza kwa kumwomba Mungu anifungue akili. Nikachora wazazi, nikamchora binti yangu Mihret, nikafika kwa mama yake wa ubatizo. Hapo kalamu ikasimama.

Tulikuwa tumemchagua wifi yangu. Lakini asubuhi ya ubatizo alishikwa na homa, na mtoto alipotolewa majini, aliyempokea, kazi ya mama wa ubatizo, ni jirani yetu Aselefech. Wifi alipopona tukaendelea kumwita yeye mama wa ubatizo, na jambo likapita.

Sasa Mihret anaolewa baada ya Pasaka, na mchumba ni Natnael, mtoto wa Aselefech. Kwetu Gondar, mtoto wa mama yako wa ubatizo ni ndugu yako. Huolewi naye.

Nikamuuliza mwalimu, bila kutaja majina.

"Ndugu ni yule ambaye watu wenyewe wanamchukulia kuwa ndugu," alisema. "Sisi watafiti hatuwaamulii. Tunatazama wanavyoishi."

Nikapumua. Nani aliwahi kumchukulia Aselefech hivyo? Ila nilipopiga magoti kusali, maneno hayakuja. Nimwombe Mungu anionyeshe ukweli, au anisaidie kuusahau?

Kesho yake nikaenda kwa Aselefech. Alikuwa anachambua dengu za mfungo.

"Karibu, msomi! Leo umekuja kutuchora na sisi?"

"Mwenzangu, unaukumbuka ubatizo wa Mihret?"

"Nitausahau vipi? Alinilowesha kifua kizima, na si kwa maji ya baraka peke yake!"

Tukacheka. "Lakini ulimshika tu, siyo? Kumsaidia wifi."

"Nilimshika tu." Mkono wake ukatulia juu ya ungo. "Ila padri aliniambia nimkane shetani kwa niaba ya mtoto, nikamkana. Tangu hapo kila nikisali namtaja baada ya wanangu. Sijawahi kumwacha." Akanitazama. "Umekuja kuniuliza nini hasa?"

Nikamwambia.

"Hiyo shule yako!" akafoka. "Wenzio wanaleta vyeti nyumbani, wewe unaniletea balaa! Ng'ombe wa harusi ameshanunuliwa!" Kisha, kwa sauti ndogo: "Mwalimu wako anasemaje?"

"Anasema inategemea wewe unamchukuliaje."

"Basi bora asingeulizwa."

Nje, Mihret na Natnael walikuwa wakibishana kuhusu turubai la harusi, mmoja akimwita mwenzake bahili. Nilitaka Aselefech aseme tunyamaze. Nilitaka pia asiseme.

"Waite," alisema, akijifunga shuka lake jeupe la kanisani. "Kwa padri tutakwenda wote wanne."

Nilisimama mlangoni. Moyoni nilikuwa nasali, na sikujua naomba jibu gani. Nikawaita.