Mafiga ya Mama

Kisulisuli kilipopiga soko letu dogo la Kavumbuni, nilikuwa kazini jijini, mtaa wa Westlands, nikikunja vitambaa dukani kwa Bi Tara. Picha zilianza kuingia kwenye simu: kanisa halina paa, mashine ya kusaga mahindi imelala barabarani, mabati yamejisokota mtini.

Nyumba aliyojenga marehemu Baba ilibomoka yote. Mama aliokolewa na jiko lake la nje. Alilala kifudifudi akakumbatia mafiga, moto ukiwa bado haujazima. Upepo ukabeba kuta na paa, ukamwachia mawe matatu na mkono ulioungua.

Kaka yangu Musili alimleta kwangu jijini, mtaa wa Kabiria. "Ni miezi michache tu, Mama. Fundi akimaliza unarudi."

Mama alikubali kwa sharti moja. "Mafiga yangu yasiguswe. Nilipewa na mama mkwe nilipoolewa. Kwetu hayaondolewi mwenyewe akiwa hai."

"Sasa nani ataiba mawe?" Musili alicheka.

Kila Jumapili alipokuja kutoka Uthiru, Mama alimdadisi.

"Ukuta umefika wapi?"

"Umefika kwa lenta, juu ya madirisha."

"Na dirisha la jikoni?"

"Linatazama barabara, uwaone wapita njia."

Mama aliyaamini hayo, akaanza kualika watu. "Wahu, ukija Kavumbuni nitakuchinjia jogoo," alimwambia jirani yetu.

"Achana na jogoo, mimi nataka kuku mzima na firigisi yake, hata kama ni ya wanaume," Wahu alijibu, na Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Halafu Musili akaja na gari jipya. "Nimekuletea zawadi," alisema, akafungua buti. Ndani ya gunia mlikuwa na mawe matatu, masizi bado yameyaganda.

"Ulikuwa unayaulizia sana," alisema. "Nikaona heri niyatoe kabla tingatinga haijayaponda."

"Tingatinga ya nini?"

Musili aliangalia viatu vyake. "Kuna mtu anajenga kituo cha petroli. Ploti iko kando ya lami, Mama. Na pale ungekaa na nani?"

Hati ya shamba ilikuwa kwa jina lake. Baba alipofariki, wazee walisema iandikwe jina la mwana wa kiume, na Mama mwenyewe akatia kidole gumba.

Sasa hakulia. Aliinama, akagusa jiwe moja kwa ule mkono wenye kovu, kisha akaniambia, "Kamene, yaingize ndani." Musili alitaka kunisaidia. "Wewe acha," Mama alimwambia.

Niliyasukuma chini ya kitanda, kwa maana mwenye nyumba haruhusu moto wa kuni. Nilipotoka, Wahu alikuwa amesimama mlangoni akitazama gari.

"Mama Kamene, naona usafiri umefika. Tunaenda lini?"

Mama alishusha mkono wa sweta juu ya kovu.

"Muulize mwenye gari," alisema.