Aliyevuta Mwendo

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga kabla hakujapambazuka, na Dobi hakuinuka kukitazama. Alikuwa amekaa chini ya taa, kitabu cha mjukuu wake magotini, akiikodolea macho picha ileile aliyoitazama tangu jana.

Kilikuwa kitabu kizuri, Mungu hapendi uongo. Maisha ya wanariadha yamesimuliwa kwa mashairi, na rangi zake za kumfanya mtoto alambe ukurasa. Radi, bingwa wa mbio wa enzi za Dobi, alichorwa akipaa juu ya uwanja, mikono kama mbawa. Pembeni, kwenye nyasi, ameketi mwanamke mwingine, uso ameufunika kwa viganja. Namba ya mgongoni ilikuwa ya Dobi. Na chini yake:

*Mwenzi kachoka njiani,*
*akaketi akilia;*
*Radi hana mshindani,*
*peke yake kakimbia.*

Mjukuu alikuwa ametamba darasani kwamba bibi yake ndiye aliyekimbia na Radi. Wenzake wakafungua ukurasa. "Kumbe bibi yako ndiye huyu mlialia!" Alirudi nyumbani hataki chakula, na shule hataki kuisikia.

"Bibi," aliuliza sasa kutoka kitandani, "kweli ulilia?"

"Vaa viatu," alisema Dobi. "Kukicha tunakwenda kwa Radi mwenyewe."

Jezi za klabu alizokuwa akifua kwa ujira aliziacha zimelowa ndani ya beseni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kufua. Njiani alikwenda kwa hasira hata mtoto ikambidi amkimbilie.

Radi aliwafungulia mwenyewe, mkongojo mkononi. Uso ukamchanua. "Mwenzangu! Miaka yote hii! Umekuja kunizika?"

"Siku ya kukuzika nitakuja na furaha. Leo soma hapa."

Radi alisoma. Tabasamu likamfia mdomoni.

"Niliwaambia," alisema kwa sauti ndogo. "Niliwaambia waliokiandika kwamba ulipangwa utangulie, unikatie upepo, univute mwendo, halafu utoke njiani nimalize mimi. Wakasema watoto hawataelewa."

"Na wewe?"

"Nikanyamaza."

"Ukanyamaza! Mapafu yananiwaka moto, nakuvuta kama ndoo kisimani, leo mjukuu wangu anazomewa, na wewe umenyamaza! Mdomo ulikuwa umeshonwa?"

"Nitawaandikia wabadilishe..."

"Kimeshapigwa chapa, kiko mikononi mwa watoto. Usimwandikie mtu. Mwambie huyu hapa, kwa mdomo wako."

Radi alimtazama mtoto aliyejibanza nyuma ya gauni la bibi yake. Akauegemeza mkongojo ukutani, akageukia korido ndefu ya nyumba.

"Mwenzangu, tangulia."

"Usinichezee."

"Tangulia, nakwambia. Bila mgongo wako nitaanguka."

Dobi alitangulia, bado amefura. Alikwenda ametanua mabega kama zamani, masikio yako kwenye pumzi za nyuma. Zikichelewa, anapunguza. Zikikaribia, anaongeza. Hasira haikumzuia kuacha mkono mmoja nyuma, kidogo tu, endapo mwenzake atayumba. Karibu na mlango wa mwisho akakanyaga pembeni. Radi akampita, akaudaka mlango kwa mikono miwili, akihema.

"Umeona?" alimwambia mtoto. "Siku ile bibi yako aliketi kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Aliyelia ni mimi, nilipofika mwisho nikageuka nisimwone."

Mtoto alikifungua kitabu, akamwekea kidole yule mwanamke wa kwenye nyasi, akakiacha hapo.

Dobi aliufuata mkongojo, akamletea mwenyewe. "Sijakusamehe," alisema, wala hakuuachia mpaka alipoona vidole vya mwenzake vimeushika barabara.

"Najua."

Walikuwa wameshafika getini, mtoto mbele na bibi nyuma, Radi alipoita kutoka mlangoni:

"Njoo tena kesho! Njoo hata kunitukana!"