Kipandauso Kimetoka Upande Gani?

Christabel alipotapika mara ya tatu na kuomba madirisha yafungwe, nyanya yake Metrine alimgeukia mkwewe Tamar, mke wa mwanawe Martin. "Kichwa hiki ni cha kwenu," akasema. "Ukoo wetu hauna vichwa vya namna hii."

Ni kweli mamake mzazi Tamar aliugua kipandauso, tena kikali. Tamar akamfunga binti yake leso machoni, wakapanda boda hadi zahanati ya Garsen. Metrine alikodi boda ya pili, asikose kusikia ukoo wa Tamar ukihukumiwa, na mumewe, Mzee Buya, akapanda nyuma yake.

Daktari Laila alichora familia nzima kwenye karatasi, wanawake duara, wanaume mraba.

"Mbona duara langu ni dogo kuliko la mamake Tamar?" Metrine akauliza.

Laila akalikuza. Kisha akaeleza kwamba ugonjwa huo hurithiwa, na jeni zake ni nyingi, zinaweza kutoka kwa baba au kwa mama. "Ila kwa kila mwanamume mmoja huwapata wanawake kama watatu. Homoni huchangia, ndiyo maana wasichana wengi huanza kuumwa wakibalehe."

"Si nilisema? Ni wa wanawake!"

"Mama, nimesema pia mwanamume mmoja."

Mzee Buya akakohoa. "Daktari, huyo mmoja huona vimulimuli kabla kichwa hakijaanza?"

"Wengine huona."

"Na hutamani kulala chini ya mtumbwi uliopinduliwa?"

Metrine aligeuka polepole. "Baba Martin! Miaka ishirini unaniambia unaziba matundu!"

"Mle ndani mna giza zuri."

"Ndiyo maana mtumbwi haujaacha kuvuja!"

Tamar aliuma ncha ya leso yake, lakini kicheko kikamtoka puani.

"Msinichekeshe," Christabel akalia, "kichwa kinapasuka!"

Laila akavuta mstari mmoja kutoka kwa mamake Tamar na mwingine kutoka kwa Mzee Buya, yote miwili ikaishia kwa Christabel. Babu na mjukuu wakapewa dawa, wakaambiwa wameze mapema kichwa kinapoanza na wasiruke mlo.

Walipofika nyumbani Metrine aliwatandikia wote wawili mkeka katika chumba chenye giza, akafunga mlango, akatoka uani na kuwapigia ukelele majirani wanyamaze, wagonjwa wake wamelala. Wagonjwa wake wakaamka papo hapo.