Maporomoko Katika Jicho la Fundi

Sulemani ameshona nguo mjini Nyeri miaka thelathini na minane. Mwezi wa tatu alimshonea mwanakwaya mmoja joho lenye mikono miwili ya kushoto. Mwanakwaya mwenyewe alirudi akiwa amelivaa, ili asibishiwe. Kesho yake Nadhira, mkewe Sulemani, akampeleka mumewe kliniki ya macho.

Daktari alimulika jicho, akaandika neno moja kwenye karatasi na kumwambia arudi Alhamisi afanyiwe upasuaji. Neno lilikuwa "cataract".

Sulemani aliipeleka karatasi kwa Nderitu, mwalimu mstaafu anayeuza vitabu vikuukuu mlango wa pili. Nderitu akafungua kamusi.

"Inasema ni maporomoko makubwa ya maji."

"Ya wapi?"

"Haijasema ni ya wapi."

Sulemani alifikiri. Jicho lilikuwa likimtoa machozi tangu Idi. "Basi mvua ikiisha litakauka," akasema, na Alhamisi hakwenda.

Ijumaa Nadhira aliingia kwa Nderitu bila kubisha. "Mwalimu, ulimwambia nini mume wangu?"

"Nilimsomea maana ya kwanza."

"Kwani iko ya pili?"

Nderitu alivaa miwani. Maana ya pili ilikuwa ukungu mweupe unaoziba mboni.

"Hiyo ni mtoto wa jicho," Nadhira akasema. "Maji yametoka wapi?"

"Neno ni la Wagiriki, mama. Kitu kinachoshuka kwa nguvu. Waliita maji hivyo, na pia lango la chuma la kufunga ngome. Baadaye watu wakaona jicho nalo ni kama limeshushiwa lango."

"Na linafunguliwa?"

"Kwa upasuaji."

"Hiyo ndiyo ungemsomea."

Jioni alimweleza mumewe yote, pamoja na Wagiriki. Sulemani aliendelea kutafuta tundu la sindano.

"Nilijua ni ugonjwa," akasema hatimaye. "Mtu hawezi kuwa na maporomoko kichwani. Naogopa kisu."

"Wewe unashika makasi kutwa nzima, Baba Jannat."

"Makasi ninashika mimi."

Nadhira aliichukua sindano, akaitunga uzi, akamrudishia. Jumatatu walikwenda pamoja, na alimshika mkono mpaka mlangoni pa chumba cha upasuaji, ambako nesi aliwaomba waachane.

Bandeji ilitolewa kesho yake. Sulemani aliangalia dirisha, akaangalia nesi, kisha akamwangalia mkewe kwa muda mrefu.

"Ulianza lini kuvaa miwani?"

"Mwaka juzi."

"Inakupendeza," akasema.