Rangi Nyekundu Kwenye Skrubu

Kompyuta nne zilikuwa zinalia. Mlio mfupi, kimya, mlio mfupi tena, na kioo kikabaki cheusi. Inshirah hakuhitaji kuambiwa maana yake. Kompyuta inayolia hivyo imekosa memori, kile kipande chembamba kinachochomekwa ndani ya kasha. Mtu anaweza kukitia kwenye mfuko wa sare na kupita nacho langoni akimsalimu bawabu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele. Alhamisi tume ya kuhesabu mali ingekuja kumvua dhamana. Katika shule za serikali kifaa hakikai bila mwenyewe, na kila kilichokuwa katika chumba kile cha kompyuta kiliandikwa kwa jina la Inshirah. Asipovuliwa dhamana, hahami. Na asipohama wiki hii, nafasi yake ya Dumyat itapewa mwingine. Mumewe alikuwa na karakana ya viti huko Dumyat, yeye alifundisha hapa Zaqaziq, akiitwa Abla kama kila mwalimu wa kike, na ndoa yao ilikuwa ya Ijumaa kwa Ijumaa tangu waoane.

Bwana Wagih, mtunza ghala wa shule, alikuja na bilauri yake ya chai akaisikiliza ile milio.

"Nani amekufa?"

"Memori nne hazipo."

"Basi zima umeme zinyamaze. Abla, tume inahesabu makasha, haihesabu ubongo. Punda akiwa na miguu minne na masikio mawili, wanaandika punda mmoja. Hawamwambii atembee."

"Na mwenzangu atakayempokea punda?"

"Atamlilia yeye. Wewe utakuwa Dumyat unakula samaki."

"Sitii saini nisichokijua, Bwana Wagih."

"Basi andika wizi, uone. Uchunguzi utaanza leo, utakwisha ukiwa bibi kizee."

Hapo alisema kweli. Neno wizi likishaandikwa, dhamana inafungwa mpaka uchunguzi uishe. Kwa hiyo Inshirah hakuliandika, na hakulisema mbele ya mwalimu mkuu. Alitaka kwanza kujua kama lilikuwa neno sahihi.

Alikuwa na kinga yake. Makufuli yalizuia makasha yasibebwe, lakini hayakuzuia bisibisi. Kwa hiyo kila skrubu aliitia tone la rangi ya kucha, nyekundu ya matofali. Anayefungua lazima alivunje tone. Sasa alipiga magoti kando ya kompyuta ya kwanza iliyolia. Tone lilikuwepo, zima. Akalikwaruza kwa ukucha. Likabanduka lote kwa mara moja, laini kama ngozi ya nyanya iliyochovywa maji ya moto.

Rangi yake haikuwa hivyo. Rangi yake ilishika chuma na haikutoka ila kwa asetoni. Hii ilikuwa rangi ya kubandua, ile wanayonunua wanawake wasiotaka kukosa urembo wala sala: maji ya udhu hayapiti kwenye rangi ya kucha, basi wakati wa sala ukifika wanaivua, wanatawadha. Aliyezifungua kompyuta hizi alikuwa mtu wa sala. Alitia lakiri upya kwa kile alichokuwa nacho, wala hakufikiri kuwa kuna rangi ya namna nyingine.

Inshirah alikwaruza skrubu zote chumbani. Rangi ya kubandua ilikuwa kwenye zile nne, na kwenye ya tano pia: namba sita, ambayo haikulia kabisa. Aliifungua. Ndani mlikuwa na nafasi nne za memori, na zote zilijaa. Yake moja, na tatu ngeni.

Tatu zilikuwa zimepatikana bila kutoka chumbani. Moja haikujulikana ilipo.

Adhuhuri alikwenda kwenye mabomba ya udhu, nyuma ya madarasa. Rufaida wa kidato cha tatu, yule aliyekuwa akiwatandikia wenzake mikeka ya sala, alikuwa amesimama akivua rangi ya kucha zake, moja moja, na kuvibandika vigozi vyekundu kwenye ukingo wa sinki.

"Rufaida. Namba sita inafunguka upesi siku hizi."

Msichana aliacha maji yamwagike. "Abla, wallahi mimi si mwizi."

"Sijasema mwizi. Funga bomba. Ya nne iko wapi?"

"Iliungua. Niliichomeka kinyume nikawasha, ikatoa moshi."

"Kwa nini ulizitoa?"

"Sikuzitoa, Abla. Nilizihamisha. Ile programu yetu ya zamu za maji, ya kuwagawia wakulima mfereji. Kompyuta moja peke yake haiibebi, inaganda. Mashindano ya programu yanafungwa Jumatano. Nilikuja kukuomba, ukasema ni dhamana."

Ni kweli, alisema hivyo. Alikuwa hata hajainua uso kwenye daftari alizokuwa akisahihisha.

"Iliyoungua umeifanya nini?"

"Nimeitupa."

"Nisikilize vizuri. Kitu cha serikali kikifa, kinapelekwa ghala la vikuukuu na mambo yanaisha. Maiti inakubaliwa. Kisipoonekana ndiyo wizi, na uchunguzi utaanzia kwako. Umeitupa?"

Rufaida alitazama vidole vyake. Viwili vilikuwa bado na rangi.

"Iko nyumbani, kwenye mkebe wa sindano za mama. Kutupa mali ya watu niliona haramu."

"Na kufungua kasha la watu?"

"Hilo sikuuliza, Abla."

"Ulijua jibu, ndiyo maana hukuuliza. Niletee kesho. Na bisibisi niletee."

Sheria ilisema kila memori iwe kwenye kasha lake siku ya kuhesabiwa. Iliyozidi ni kosa sawa na iliyopungua. Lakini kuhesabiwa kulikuwa Alhamisi. Jumanne na Jumatano Inshirah alikifungua chumba baada ya vipindi, akaketi karibu na mlango akisahihisha, na wasichana watatu, Rufaida na wenzake wawili, wakagombana mbele ya namba sita.

"Mkulima wako anapata maji mara mbili, mwenzake anakufa kiu!"

"Kwa sababu umemwandika mara mbili, mwenye macho ya popo!"

Jumatano jioni walituma kazi yao. Inshirah akazima namba sita, akazitoa memori tatu na kuzirudisha, kila moja kwa nambari yake, Rufaida akimshikia taa. Kisha akatia rangi yake mwenyewe kwenye skrubu.

Alhamisi tume ilihesabu makasha. Ilikuwa tayari kwenda zake Inshirah aliposema, "Kuna moja imekufa," akaiweka mezani memori yenye ukingo mweusi.

Bwana Wagih, aliyekuwa nyuma ya tume, alifumba macho.

"Imekufaje?" aliuliza mwenyekiti.

"Imeungua humu chumbani, katika kazi ya wanafunzi."

"Mwanafunzi gani?"

"Aliyeandikwa dhamana ni mimi."

Mwenyekiti alimtazama, akatazama saa. Akaandika kuwa kifaa kipelekwe vikuukuu, dhamana ivuliwe, na aliyekuwa nayo apewe onyo la uzembe liingie kwenye faili lake na kumfuata anakohamia. Inshirah alisoma mstari huo mara mbili. Haukuwa na kosa. Akatia saini, akauliza kama treni ya saa nane ya Dumyat bado inapita.

"Inapita," alisema Bwana Wagih. "Ila kimbia."